Kipokezi au breki?
Tuchukue neno kipokezi. Linatokana na kitenzi pokea: sauti l ya kale, iliyopotea katika kitenzi, imebaki kama z mbele ya -i, kama jua ilivyozaa mjuzi. Ki- inaonyesha kifaa.

Je, neno linatosha? PD-1, iliyogunduliwa Japani mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo, ni kipokezi kwenye uso wa seli za kinga. Kikishikana na PD-L1, seli hupunguza mashambulizi. Maabara hukitengeneza kwa kuingiza jeni katika seli nyingine, ili kujaribia dawa za kansa.

Mgonjwa wa Kinsevere, dereva wa lori la shaba, akiambiwa “kipokezi” ataelewa kupokea tu. “Breki ya kinga” itamwonyesha kazi. Kamusi iandike yote mawili.