Kutoa Namba Hasi: Kwa Nini 5 − (−3) ni 8?

Mada hii huwapotezea wanafunzi alama nyingi, na mara nyingi si kwa sababu hawajui kanuni, bali kwa sababu wameikariri bila kuielewa. Muulize mwenzako kwa nini 5 − (−3) = 8. Atakujibu haraka: "Hasi na hasi ni chanya." Sasa mpe −4 − 3. Akifuata msemo uleule ataandika 7, maana ameona alama mbili za hasi. Jibu sahihi ni −7. Basi uweke msemo huo kando kwa muda, tuanze na maana.

Alama "−" ina kazi mbili. Katika −3 inaonyesha aina ya namba. Katika 5 − 3 inaonyesha tendo: ondoa. Katika 5 − (−3) zipo zote mbili, na mabano yamewekwa ili usizichanganye. Soma hivi: "tano, ondoa hasi tatu."

Lakini mtu anaondoaje kitu kilicho pungufu ya sifuri? Tazama daftari la madeni la duka lolote la kijijini. Tuseme mkulima wa ufuta huko Kisaki, Morogoro, ana shilingi 50,000 mfukoni, na dukani anadaiwa shilingi 30,000 za unga na sabuni alizokopa kabla ya mavuno. Mali yake halisi ni:

50,000 + (−30,000) = 20,000

Mwenye duka ni shemeji yake. Siku moja anachukua kalamu na kulifuta deni lote. Deni limeondolewa, yaani imetolewa −30,000:

20,000 − (−30,000) = 50,000

Angalia vizuri. Mfukoni hakuna hata shilingi moja iliyoongezeka, fedha ni zilezile 50,000. Hata hivyo mali yake halisi imepanda kutoka 20,000 hadi 50,000, sawasawa na kama angepewa 30,000 taslimu. Kuondoa deni na kupewa fedha kunaleta matokeo yaleyale. Mawazo haya ni ya kale: mwaka 628 mwanahisabati wa India, Brahmagupta, aliandika kanuni za namba chanya na hasi akiziita mali na madeni.

Mfano wa deni unasaidia kuelewa, ila hauthibitishi. Uthibitisho ni mfupi. Kutoa ni kinyume cha kujumlisha: tunasema 12 − 7 = 5 kwa sababu 5 + 7 = 12. Kwa hiyo 5 − (−3) inauliza: ni namba gani ukiijumlisha na −3 unapata 5? Jaribu 2. Unapata 2 + (−3) = −1, siyo. Jaribu 8. Unapata 8 + (−3) = 5, ndiyo. Hakuna namba nyingine inayofaa. Kwa namba zozote a na b, (a + b) + (−b) = a, kwa kuwa b na −b hufutana. Basi a − (−b) = a + b. Njia hii pia ndiyo ya kuhakiki jibu lako ndani ya chumba cha mtihani.

Wanaopenda michoro watumie reli. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, inapita Kisaki. Ifanye stesheni ya Kisaki iwe 0. Kilomita za kuelekea Mlimba ziwe chanya, za kuelekea Dar es Salaam ziwe hasi. Kutoa ni kutafuta safari: mwisho kutoa mwanzo. Kwa hiyo 5 − (−3) ni safari ya kutoka −3 hadi 5. Unakwenda kilomita 3 kufika Kisaki, kisha 5 zaidi, jumla 8, ukielekea Mlimba. Ukigeuza safari, −3 − 5 = −8: umbali uleule, uelekeo wa Dar es Salaam.

Sasa rudi kwenye −4 − 3. Kinachoondolewa hapa ni 3 iliyo chanya. Mwenye deni la 4 akipoteza 3 nyingine, hali yake inakuwa mbaya zaidi: −7. Kabla ya kubadili alama yoyote, jiulize namba inayotolewa ni ya aina gani.

Zoezi

(a) 6 − (−9)
(b) −7 − (−2)
(c) −7 − 2
(d) 0 − (−11)
(e) Tuseme usiku mmoja jotoridi kileleni mwa Kilimanjaro ni nyuzi −7 za Selsiasi, na Morogoro mjini ni nyuzi 24. Morogoro imezidi kwa nyuzi ngapi?

Majibu

(a) 15. (b) −5. Wengi huandika 5 hapa. Jibu limeongezeka kutoka −7, lakini halijavuka sifuri: deni la 7 likipunguzwa 2, bado unadaiwa 5. (c) −9. (d) 11. (e) 24 − (−7) = 31.