Tindikali na Hali ya Kati katika Maji

Tindikali ya maji hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kiendacho kutoka 0 hadi 14. Chini ya 7 maji yana tindikali. Juu yake yana alkali, kama maji ya magadi. 7 yenyewe ndiyo hali ya kati. Kila hatua ni mara kumi, hivyo maji ya 5 yana tindikali mara mia kuliko ya 7.

Mfano mzuri umo katika bonde la Mto Songwe uingiao Ziwa Rukwa (si ule wa mpakani na Malawi). Maji ya chemchemi za moto hutoka ardhini na gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo huyatia tindikali na kuyawezesha kubeba chokaa. Yafikapo hewani gesi hutoroka, tindikali hupungua, na chokaa huganda kuwa mawe.

Wenye visima, Tunduma na kwingineko, wanakumbushwa kwamba hali ya kati si ushahidi wa usafi: maji ya 7 yaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu. Maji yenye tindikali hula mabomba ya chuma. Yakizidi 8, klorini hupungua nguvu, na hilo ndilo la kuangaliwa zaidi.

Karatasi ya litmasi huonyesha upande tu, nyekundu kwa tindikali na buluu kwa alkali. Kiasi kipimwe kwa kifaa cha pH, papo hapo kisimani, kwani maji yaliyoachwa wazi hupoteza gesi na jibu hubadilika.