Vitunguu Vinaozea Ghalani, Kosa Liko Shambani

Kuanzia Mang'ola wilayani Karatu hadi Ruaha Mbuyuni wilayani Kilolo, maswali ya wakulima wa vitunguu maji kwa bwana shamba hayachoki kurudi: mbegu ipi, maji kiasi gani. Mtaalamu wetu wa mbogamboga anajibu.

*Swali: Ndugu yangu aliniletea mbegu kutoka Ulaya. Majani yamestawi vizuri sana, lakini chini hakuna kitunguu. Nilikosea maji?*

Maji hayana hatia hapo. Kitunguu huanza kufunga pale urefu wa mchana unapotimia, na kila aina ina kiwango chake. Aina za Ulaya ya kaskazini husubiri mchana wa saa 14 hadi 16. Sisi tulio jirani na ikweta tunazunguka kwenye saa 12 mwaka mzima; pale Karatu, siku ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote hazipishani hata nusu saa. Ungemwagilia mpaka uchoke, mmea huo ungekupa majani tu. Tafuta aina za mchana mfupi: Bombay Red, Red Creole, Mang'ola Red, Texas Grano, au chotara zilizozalishwa kwa ajili ya ukanda wetu. Kama pakiti haisemi, muulize muuzaji. Akibabaika, nenda duka la pili. Na tazama tarehe: mbegu ya kitunguu huchakaa upesi, ikipita mwaka kwenye joto uotaji wake hushuka sana.

*Swali: Kati ya hizo, ipi bora?*

Niambie kwanza utauza lini. Texas Grano hutoa vitunguu vikubwa, vya manjano iliyopauka, si vikali, vyenye maji mengi. Ni vya kung'oa na kuuza, havikai. Bombay Red na Red Creole ni vidogo kidogo lakini vigumu na vikali, na vikikaushwa ipasavyo hukaa miezi. Tena soko letu linapenda chekundu. Chotara huzaa zaidi, hilo ni kweli, ila kwa masharti: mbolea ya kutosha na maji yasiyokatika. Kwa mkulima aliye mkiani mwa mfereji, ambaye zamu yake hurukwa mara kwa mara, mimi sioni sababu ya kulipia mbegu ya bei kubwa.

*Swali: Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?*

Swali hili huulizwa kuliko yote, na wanaolijibu kwa namba moja wanawapotosha watu. Mizizi ya kitunguu ni mifupi na michache; mingi haivuki sentimita 30 kwenda chini. Maji yakipita hapo yamepotea, na mbolea yako imekwenda nayo. Ndiyo maana kitunguu kinataka maji kidogo kidogo, mara kwa mara. Udongo wa kichanga utadai maji kila baada ya siku 2 au 3, wa mfinyanzi unaweza kukaa wiki. Fukua kwa kina cha kidole kati ya mistari, finyanga udongo kiganjani. Ukishikana, subiri. Ukimomonyoka, fungulia.

Kwa msimu mzima zao hili huhitaji milimita 350 hadi 550 za maji, na milimita 1 juu ya ekari moja ni lita 4,000 hivi. Piga hesabu hiyo kabla hujakodi shamba linalotegemea pampu. Kipindi kisichovumilia kiu ni kile cha kufunga, kitunguu kinapoanza kuvimba. Ukikosa maji wakati huo, hata ukija kuyaleta baadaye, saizi hairudi.

Tatizo la skimu za zamu ni hofu. Mtu haijui zamu ijayo itafika lini, basi leo anajaza majaruba hadi yanafurika. Majani yanashinda kwenye unyevu, ukungu na baka zambarau vinaingia, halafu unafuata ukame wa siku kumi. Hapo ndipo vinapopatikana vile vitunguu mapacha vinavyokataliwa na wanunuzi, ingawa baadhi ya mbegu nazo zina tabia ya kugawanyika. Kwa maoni yangu, ratiba inayoaminika kwenye mfereji ina thamani kuliko mfereji mpana.

*Swali: Navuna vizuri, lakini baada ya mwezi ghalani nusu vimeoza.*

Ulifunga maji lini? Wengi huendelea kumwagilia hadi wiki ya mwisho ili gunia liwe zito. Wengine huongeza na urea mwishoni. Matokeo ni shingo nene isiyokauka, na uozo hupenya kupitia hapo. Acha kumwagilia wiki 2 hadi 3 kabla ya kuvuna. Kwenye mfinyanzi, mapema zaidi. Zaidi ya nusu ya majani yakishalala yenyewe, ng'oa; usiyakanyage ili kuyalazimisha. Anika kivulini penye upepo mpaka shingo isinyae, kisha kata ukiacha sentimita 2 au 3. Ukilitenda hilo kwa Texas Grano, bado haitakaa kama Bombay Red.

*Swali: Je, nifunge mipira ya matone?*

Matone huokoa maji na kuacha majani makavu, kwa hiyo ukungu hupungua. Lakini pima maji yako kwanza. Kitunguu hakivumilii chumvi, na ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, kama unavyoonekana maeneo ya karibu na Ziwa Eyasi, mipira haitakuponya. Na kama fedha zinatosha kununua kimoja tu msimu huu, nunua mbegu safi ya mchana mfupi. Mipira isubiri mauzo.