Usanifu Michoro katika Shahada ya Kwanza na Nafasi ya Kiswahili: Mtazamo Kutoka Mandera

Utangulizi

Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, Kiswahili na usanifu michoro aghalabu hufundishwa katika majengo tofauti, na wahadhiri wa pande hizi mbili hukutana kwa nadra. Ilhali kazi zao hukutana kila siku: katika jalada la riwaya, ukurasa wa gazeti, bango la uchaguzi, kibandiko cha chupa ya dawa na tangazo la mgao wa maji. Mtaalamu wa lugha hushughulikia kinachosemwa. Msanifu hushughulikia namna kinachosemwa kinavyoonekana. Mmoja wao akikosea, ujumbe haufiki.

Makala haya yanachunguza makutano hayo kwa kumtazama mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya usanifu michoro atokaye Mandera, kaunti iliyo katika pembe ya kaskazini mashariki mwa Kenya, inakopakana na Ethiopia na Somalia. Hoja inayotetewa ni kwamba mwanafunzi huyo huingia chuoni akiwa na mtaji mkubwa wa maarifa ya maandishi na alama, ila mtaji huo hupotea kwa kukosa lugha ya kuutaja darasani. Kiswahili kinaweza kuwa lugha hiyo, iwapo wataalamu wake watakubali kwamba herufi, nafasi na rangi ni sehemu ya kazi yao.

Usanifu, uchoraji na chapa

Ni muhimu kuanza na istilahi. Watu wengi hulichukulia somo hili kuwa uchoraji. Hilo ni kosa. Mchoraji aweza kuchora apendavyo na mtazamaji akafasiri apendavyo. Msanifu hupewa ujumbe, hadhira na mahali, kisha hutakiwa kuyapanga maandishi na picha ili hadhira ile iupate ujumbe ule mahali pale. Ndiyo maana neno “usanifu” linafaa kuliko “uchoraji”. Mwanafunzi wa Kiswahili analijua neno hili katika “Kiswahili sanifu” na katika “usanifu majengo”. Katika matumizi yote mawili kuna wazo la kupanga kwa kufuata kanuni, na pia wazo la ustadi. Msanifu michoro anayahitaji yote mawili: mpango usio na ustadi huchosha jicho, na ustadi usio na mpango hulipoteza.

Neno la pili lenye manufaa ni “chapa”. Kitabu hupigwa chapa; bidhaa ya dukani ina chapa yake; na mfugaji humpiga mnyama chapa ili ajulikane ni wa nani. Maana hizi tatu, yaani uchapaji, utambulisho wa bidhaa na alama ya mifugo, zimo katika neno moja, nazo zinaelezea sehemu kubwa ya historia ya taaluma hii.

Kwa mwanafunzi wa Mandera, maana ya tatu si ya kamusini tu. Wafugaji wa Kisomali huwatia ngamia alama kwa chuma cha moto. Alama hiyo, iitwayo sumad kwa Kisomali, humtambulisha mnyama kwa ukoo wa mwenyewe. Masharti yake ni makali. Sharti iwe na mistari michache, kwa kuwa chuma hakiwezi kuchora utata. Sharti isomeke kutoka mbali. Sharti isifanane na ya jirani, kwani mfanano huzua ugomvi kisimani. Sharti idumu mnyama akuapo. Mhadhiri wa usanifu anapofundisha sifa za nembo bora, yaani usahili, upekee, usomekaji na udumifu, anayarudia masharti hayo hayo. Tofauti ni kwamba mifano inayotolewa darasani mara nyingi ni ya kampuni za Marekani na Ulaya, na mwanafunzi wa Mandera hukaa kimya, asijue kwamba somo hilo alikwisha kulianza malishoni.

Mandera, mji wa hati nyingi

Mji wa Mandera umejengwa karibu na mto Daua. Ng'ambo ya mpaka upo mji wa Bula Hawa nchini Somalia, na upande wa Ethiopia upo mji wa Suftu. Mkazi wa eneo hili huishi katikati ya hati kadhaa.

Kwanza ipo hati ya Kiarabu, ambayo mtoto huipata katika dugsi, yaani chuo cha Kurani. Huko hujifunza kuandika juu ya ubao, uitwao loox kwa Kisomali, kwa kalamu na wino. Kabla hajafika shule ya msingi, mkono wake umekwisha jua kwamba mstari unene na wembamba hutegemea mkato wa kalamu, na kwamba herufi hubadili umbo kulingana na jirani yake.

Pili ipo hati ya Kilatini, ambayo huandikiwa Kiswahili, Kiingereza na Kisomali. Lakini hata hapa herufi hazikubaliani. Kisomali kilipewa rasmi hati ya Kilatini mwaka 1972, na katika tahajia yake herufi c husimamia sauti ya ain ya Kiarabu, nayo x husimamia ha nzito. Jina ambalo Mswahili huliandika “Ali” huandikwa “Cali”, na “Hasani” huwa “Xasan”. Kiswahili sanifu hakina x, na c haisimami peke yake bila h. Bango moja la lugha mbili, kwa hiyo, humtaka msomaji abadili kanuni kati ya mstari na mstari.

Tatu, ng'ambo ya mpaka ipo hati ya Kigeez, ambayo huandikiwa Kiamhari. Nne, ipo hati ambayo wachache huitumia, Osmanya, iliyobuniwa na Osman Yusuf Kenadid katika miaka ya 1920 kwa ajili ya Kisomali. Hati hiyo iliingizwa katika mfumo wa Unicode mwaka 2003, nayo inamfundisha mwanafunzi jambo moja kubwa: herufi haikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliyeketi akaisanifu.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawatalishangaa jambo hili. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hati ya Kilatini kutawala. Hata jina la kanga, yaani maandishi yake, liliandikwa mwanzoni kwa hati ya Kiarabu.

Uelekeo wa jicho

Umuhimu wa suala hili unaonekana wazi katika matangazo ya afya. Mwaka 2016 Mandera ilikumbwa na mlipuko wa chikungunya, na katika kipindi hicho hicho kipindupindu. Nyakati kama hizo, mabango hutakiwa kwa haraka, na kwa kuwa si watu wote wasomao, picha hupewa kazi kubwa.

Chukulia mfano wa bango lenye picha tatu zilizopangwa kutoka kushoto kwenda kulia: mtoto aliyelegea kwa kuhara, mtoto akinyweshwa maji ya chumvi na sukari, mtoto akicheza. Kwa aliyezoea hati ya Kilatini, dawa imeponya. Kwa mzee ambaye kusoma kwake kote ni kwa Kiarabu, jicho laweza kuanzia kulia: mtoto anacheza, ananyweshwa, analegea. Bango lile lile, lenye picha zile zile, linamwonya mzazi asimpe mtoto kitu kitakachookoa uhai wake.

Suluhisho si gumu kwa aliyelielewa tatizo. Picha zaweza kupangwa kutoka juu kwenda chini, kwani hati zote zilizotajwa husomwa mstari wa juu kwanza. Nambari na mishale mikubwa yaweza kuongezwa. Hata hivyo, suluhisho hilo huhitaji msanifu aliyewahi kujiuliza swali, na wa kulijiuliza mapema zaidi ni yule aliyekulia kati ya hati mbili zinazokwenda pande mbili.

Yanayofundishwa chuoni

Mafunzo ya sanaa katika vyuo vikuu vya eneo hili yana historia ndefu. Makerere yalianza kwa madarasa ya Margaret Trowell mwaka 1937. Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa shahada ya usanifu ya miaka minne, nacho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2013, kilitokana na Kenya Polytechnic, ambako uchapaji ulifundishwa kwa miaka mingi.

Kwa jumla, mwanafunzi huanza na misingi: kuchora kwa mkono, rangi, uwiano na historia ya sanaa. Baadaye huingia katika herufi na fonti, mpangilio wa ukurasa, nembo, vifungashio, vielelezo vya vitabu, na kazi za tarakilishi. Mwishoni hukusanya kazi zake na kuzitetea mbele ya wahadhiri. Katika hatua hii ya utetezi, lugha huwa na uzito sawa na mchoro. Asiyeweza kueleza kwa nini aliacha nafasi tupu upande wa kulia huonekana kwamba alibahatisha.

Vikwazo vya mwanafunzi wa Mandera

Kikwazo cha kwanza ni umbali. Kutoka Mandera hadi Nairobi ni takribani kilomita 1,000 kwa barabara. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati mwaka 2017, kimeisogeza elimu ya juu karibu zaidi, lakini mwenye nia ya usanifu kwa kawaida huelekea Nairobi au mbali zaidi.

Kikwazo cha pili ni maandalizi. Katika shule za upili somo la Sanaa na Usanifu lilikuwa la hiari, na shule nyingi hazikulifundisha. Mtaala wa Umilisi umeweka mkondo wa Sanaa na Michezo katika sekondari pevu. Lakini mkondo usio na mwalimu hubaki kwenye karatasi.

Kikwazo cha tatu ni lugha. Mnamo Novemba 22, 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa na magaidi, wakiwemo walimu. Baada ya hapo walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Kiswahili kilipata pigo maalumu, kwani kwa watoto wengi wa Mandera ni lugha ya darasani kuliko ya nyumbani: mwalimu akiondoka, sehemu kubwa ya lugha huondoka naye.

Wajibu wa wataalamu wa Kiswahili

Kiswahili hakikosi maneno ya taaluma hii. Tayari kuna pambizo, safu, jalada, nembo, bango, wino, kichwa na aya. Kanga imetupa pindo, mji na jina, maneno matatu yanayotosha kueleza ukingo, uwanja wa kati na matini ya muundo wowote. Pasipo na neno, lugha nyepesi yatosha: “nafasi baina ya herufi” inaeleweka na kila mtu.

Aidha, yapo matatizo ambayo mwanaisimu pekee ndiye awezaye kuyatatua. Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu. Neno “nyumba” likikatwa mwishoni mwa mstari linapasa kuwa nyu-mba. Programu iliyofungwa kwa kanuni za Kiingereza yaweza kulikata nyum-ba, na msanifu asiyefunzwa akaliacha. Kibainishi cha ng' nacho mara nyingi huachwa au kugeuzwa alama ya kufunga usemi. Hali kadhalika, vitenzi virefu kama “watakaoandikishwa” huivunja safu nyembamba iliyopimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Haya yangeweza kufundishwa kwa muhula mmoja, kwa ushirikiano wa idara mbili.

Hitimisho

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na kinaitaka dola iendeleze pia lugha za wenyeji. Kifungu hicho hutimizwa au huvunjwa katika bango la zahanati kama kinavyotimizwa bungeni. Makala haya yanapendekeza mambo matatu: vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viandae orodha fupi za istilahi pamoja na wanafunzi wa usanifu, idara za Kiswahili zifundishe tahajia na ukataji wa maneno kwa wanaosomea uchapaji, na wahadhiri wa usanifu waikaribishe mifano ya sumad, loox na kanga kama mifano kamili ya taaluma. Mwanafunzi wa Mandera akiyasikia maneno hayo darasani, ataweza kuitetea kazi yake kwa ujuzi alionao tayari.