Dondoo muhimu: Kumtambua chozi wa kifua chekundu
Chozi huyu (Chalcomitra senegalensis) ni ndege wa miombo inayozunguka Lubumbashi, na hufuata maua mpaka mjini. Mkaazi wa Kamalondo, komuni ya Lubumbashi, aanze kumtafuta uani penye maua.

Dume, sentimita 15 hivi, ni mweusi wa kahawia. Kifua ni chekundu, na kwa karibu huonyesha vinukta vya buluu. Kijani cha utosi na koo hung'aa juani tu. Kivulini huonekana cheusi, na hapo wengi hukosea. Jike ni wa kahawia, tumbo lina madoadoa ya manjano hafifu. Mdomo mrefu uliopinda ndio humtambulisha kuwa chozi.

Hufyonza nekta, lakini hula pia wadudu na buibui. Kiota hujengwa na jike: huning'inia tawini, kimefungwa kwa utando wa buibui, na juu ya mlango huweza kuwa na kibaraza kidogo.