HATI YA SHAMBA LA MSIMU
(Somo: Yeremia 32:6–15)

Mwezi huu tujifunze habari ya jambo linaloonekana dogo, nalo limetia ugomvi mkubwa katika nyumba za Wakristo. Ni mapatano ya mdomo. Sisemi juu ya kuuza ardhi, maana hapo watu wetu wamekwisha kujifunza kuandika. Nasema juu ya kukodisha kwa muda mfupi: shamba la msimu mmoja, chumba cha miezi miwili mjini Korogwe, kibanda cha gulio. Hapo watu husema, “Karatasi ya nini, nasi twajuana?”

Katika usharika mmoja wa huku Mazingara, mzee mmoja alimkodisha jirani yake ekari mbili kwa msimu. Fedha zikalipwa mkononi, wakaiombea kazi, wakaagana. Jirani akapanda mahindi, na katikati ya mahindi akapanda mihogo. Mahindi ya masika yakavunwa, lakini mihogo ilikuwa bado michanga, kwa kuwa muhogo hukaa ardhini miezi tisa, hata mwaka na zaidi. Kisha mwenye shamba akafariki. Mwanawe akafika na jembe, akasema, msimu ulikwisha siku ya kuvuna mahindi. Jirani akasema, msimu ni mpaka mazao yote yatoke. Wakaja mbele ya wazee wa usharika juma moja kabla ya Chakula cha Bwana, wala hakuna aliyekubali kuikaribia meza pamoja na mwenzake. Niliwasikiliza mpaka jua likashuka, nisione mwongo kati yao. Neno moja tu, “msimu”, lilikuwa na maana mbili, na yeye ambaye angaliweza kutuambia alilikusudia lipi alikuwa kaburini.

Sasa tumtazame Yeremia. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, naye mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Hanameli, jamaa yake, anamjia amwuzie shamba la Anathothi. Yeremia angaliweza kusema kwamba siku hizi ni mbaya na huyu ni ndugu, basi neno latosha. Hakusema hivyo. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akapima shekeli 17 za fedha mbele yao. Tena hati zilikuwa mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja i wazi. Zote akampa Baruku, azitie katika chombo cha udongo zipate kudumu. Angalieni jambo hili: walioandikiana walikuwa jamaa, na mwenye kutunza alikuwa mtu wa tatu. Ni kweli, yeye alinunua, hakukodi. Lakini mauti haingoji msimu uishe.

Yakobo naye alimtumikia Labani, mjomba wake, kwa maneno tu. Baadaye alilalamika kwamba ujira wake ulibadilishwa mara kumi (Mwa. 31:7). Mwisho wakalundika mawe yawe shahidi kati yao.

Wala alama ya maandishi si jambo geni kwetu. Babu zetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, zamani za Wadachi na za Waingereza, walikijua kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Wengi wao hawakujua kusoma hata herufi moja, lakini walijua sana kwamba siku isiyotiwa alama hailipwi.

Watu huniuliza kama sheria ya nchi huyakataa mapatano ya mdomo. Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) haiyakatai. Lakini mwenye kudai imempasa kuthibitisha, na hapo ndipo wengi hushindwa. Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1999, lina watu saba, watatu wao wanawake, nalo hupatanisha. Nao watawapatanishaje watu kwa neno ambalo hawakulisikia?

Basi, mwalimu wa kanisa akiombwa kuandika, aandike majina ya wote wawili, mahali pa shamba na mipaka yake, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuondoka (asiandike “msimu”), fedha kwa tarakimu na kwa maneno, na kiasi kilichokwisha kulipwa. Aandike mazao gani yapandwe, na nani avune mmoja wao akifa. Kwa chumba, aandike hali ya mlango na kufuli, ni nani alipaye maji na umeme, na siku ngapi za kupeana habari kabla ya kuhama. Kama ni nyumba wanayokaa mume na mke, amwite na mke pia, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuipangisha pasipo ridhaa ya mwenzake. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti mbele ya mashahidi, kisha atie dole gumba. Nakala ziwe mbili, na kama inawezekana ya tatu kwa mzee wa usharika.

Wengine huona aibu, wakidhani kumwandikia ndugu ni kumshuku. Mimi naona kinyume. Luther alitufundisha katika amri ya saba kwamba kutokuiba hakutoshi. Imetupasa kumsaidia jirani kuitunza mali yake. Karatasi ile humlinda yeye kama inilindavyo mimi, hasa watoto wake.

Wale wawili wa mihogo walipatana baada ya miezi mitatu: jirani alivuna nusu, mwana akachukua nusu. Masika yaliyofuata walikodishana tena shamba lile lile, wakaja kwangu na ukurasa wa daftari la shule. Mstari wa kwanza waliotaka niandike ulihusu mihogo.