Israfu ya Madaftari



Kila mwisho wa mwaka wa masomo, katika kila nyumba huwa na rundo la madaftari ya watoto. Mtoto hupanda darasa, mzazi hununua mapya, na yale ya zamani hutiwa guniani yakatolewa pamoja na taka, au hupewa wauzaji wa njiani wayafanye karatasi za kufungia. Ni wachache wanaoyafunua kwanza wakatazama mna nini ndani.

Juzi, baada ya sala ya alasiri, nilinunua bajia. Nilipoikunjua ile karatasi niliona mafuta yameenea juu ya Bismillahi iliyoandikwa kwa khati ya mtoto, na chini yake Suratul-Fatiha. Nikaigeuza, upande wa pili haukuguswa na kalamu. Siku ile ile chuoni kwangu, mwanafunzi mmoja alikaa kimya na wenziwe wakiandika. Nilipomwuliza, alisema daftari lake limejaa na babake amemwambia asubiri mwisho wa mwezi. Basi katika mji mmoja, mtoto mmoja hana pa kuandika Bismillahi, na wa pili Bismillahi yake yafungiwa bajia! Simlaumu muuzaji, kwani yeye ametumia alichopewa. Lawama ni yetu sisi tulioitoa majumbani.

Wengi wetu twadhani israfu ni ya chakula na nguo tu. Katika Suratul-Israa, aya ya 26 na 27, Mwenyezi Mungu ametukataza kutapanya mali, na watapanyaji amewahesabu kuwa ni ndugu wa mashetani. Wala hakusema mali nyingi au chache. Zaid bin Thabit alipoamrishwa na Sayyidna Abubakar kuikusanya Qur'ani, aliikusanya kutoka katika makuti ya mtende, vipande vya mawe na vifua vya watu. Wao vitu vya kuandikia vilikuwa haba, wakahifadhi. Sisi tunavyo, twavitupa.

Na tufanye hisabu. Daftari la kurasa 96, mtoto akiandika kurasa 60, zabaki 36. Nyumba yenye watoto watatu, kila mmoja ana madaftari manne ya namna hiyo, ina kurasa 432 tupu. Hizo ni sawa na madaftari manne na nusu mapya, nayo yamekwisha kulipiwa.

Basi la kufanya ni hili:

Kwanza, mwulize mtoto kama bado alihitaji daftari lake kwa kudurusu. Ikiwa alihitaji, liwekwe mpaka amalize mtihani.

Pili, karatasi zilizoandikwa zisin'golewe. Katika daftari, karatasi ya mbele na mwenziwe wa nyuma ni kipande kimoja kilichokunjwa kati. Uking'oa moja, ya pili hulegea ikatoka. Zikate kwa mkasi, ubakishe upana wa kidole karibu na mshono. Hivyo zilizo tupu zitashikamana, nawe utakuwa na daftari jembamba lililo zima. Na zile chache zilizokwisha kutoka, zikusanye, uzitoboe matundu matatu ubavuni, uzishone kwa sindano na uzi.

Tatu, madaftari hayo yafaa kwa hisabu, imla na mazoezi ya khati. Na moja liwe la mama wa nyumba, aandike matumizi na madeni ya dukani, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, zilizoandikwa zichambuliwe. Zenye aya, hadithi au majina ya Mwenyezi Mungu zitengwe. Na litazameni jalada pia, kwani jina la mtoto mwenyewe, akiwa Abdallah au Abdulrahman, limebeba jina la Mola wake. Hizo ama zichomwe mahali safi mpaka ziwe majivu, kama Sayyidna Uthman alivyoamrisha kuchomwa nakala nyingine baada ya kuandikwa misahafu. Ama zifungwe katika kitambaa safi zikazikwe pasipokanyagwa, kama walivyopendelea maulamaa wa Kihanafi. Zisizokuwa na hayo, ndizo za kufungia njugu.

Wako nao wanaoogopa kukosa adabu, wakayarundika madaftari yote chini ya kitanda miaka na miaka, hata yakaliwa na mchwa. Heshima ya namna hii haimfai mtu. Heshima ya karatasi tupu ni kuandikwa ilimu juu yake.

Mwenye kuzidiwa na madaftari ampe jirani, na ampe kwa siri, asimtahayarishe mtoto wa mtu mbele ya wenziwe. Yule kijana wangu nilimpa daftari la namna hii, lililokatwa nusu yake. Hakuuliza nusu ya pili ilikwenda wapi, aliinama akaandika.

Wabillahi tawfiq.